Ngozi Iliyokumbuka Kondoo

Nilipokuwa na miaka minane, kule Titye, nilishtakiwa kwa kosa la kumgeuza mdogo wangu kuwa kondoo. Kesi ilikuwa nzito kuliko inavyosikika, kwa sababu huyo mdogo wangu alikuwa bado hajazaliwa.

Hakimu alikuwa bibi yangu, mama yake mama. Aliyenishtaki ni bibi yangu. Shahidi pia alikuwa bibi yangu. Wakili sikupewa, na hata ningepewa, nadhani naye angekuwa bibi yangu.

Niwaeleze ilivyoanza. Mama yangu mdogo, Skola, alikuwa ameolewa Kitahana, upande wa Kibondo, na kwa miaka saba tumbo lake lilikaa kimya. Watu walishamaliza kumshauri, wakahamia kumhurumia, na wewe unajua huruma ya majirani inavyochosha kuliko matusi. Mwaka wa nane akarudi nyumbani kwa mama yake akiwa ametanguliwa na tumbo kubwa, tumbo lililofika mlangoni kabla yake, aje ajifungulie kwetu. Bibi alimtazama, akapiga makofi taratibu kama tunavyosalimiana sisi Waha, ila safari hii alilisalimia tumbo. Kisha akasema mtoto huyu atabebwa kwenye ingobyi.

Ingobyi ni ngozi laini ya kubebea mtoto mgongoni. Laini, nasema, laini kama sikio la mbuzi. Wakati ule zilikuwa zimeanza kupotea. Mama akajaribu kumwambia, "Mama, siku hizi si kuna khanga?"

"Khanga imeandikwa maneno," Bibi akajibu. "Ya watu wa Pwani. Siwajui, hawanijui. Mjukuu wangu abebwe ndani ya barua ya mtu mwingine?"

Mimi mwenyewe tangu siku ile sijaweza kuvaa khanga bila kwanza kuisoma.

Basi kondoo akachaguliwa. Tulikuwa na kondoo mmoja dume tuliyemwita Hedimasta, kwa sababu alikuwa na mafua yasiyoisha na hakuwa anasema neno bila kukohoa kwanza. Alikuwa akisimama mlangoni, anakohoa mara mbili, ehhem, ehhem, halafu ndipo anatoa tangazo: *meee-e-e-e-e.* Hedimasta wa shule yetu alikuwa hivyo hivyo, tofauti ilikuwa tai. Siku alipochinjwa, huyu wa nyumbani, nililia sana. Kisha nikala. Kisha nikaomba niongezwe, huku nikilia.

Ngozi yake ikawambwa chini kwa vigingi, ikakauka, Bibi akaikwangua mafuta na nyama zote zilizobaki, akanyoa manyoya kwa kisu. Halafu akachukua ubongo wa Hedimasta, akaupasha moto na maji kidogo mpaka ukawa kama uji mwepesi, akaupaka upande wa ndani. Juu yake samli. Akaikunja, ikalala. Kesho yake kazi ikaanza: kukanyaga. Kukanyaga na kufikicha, kukanyaga na kufikicha, kisha watu wawili wanaishika huku na huku wanaivutanisha kwenye nguzo ya ukumbi kama wanaosuguana na mti, kisha mnapaka samli tena, mnakanyaga tena. Siku nzima. Nyayo zetu zikawa laini kabla ya ngozi.

Na hapo ndipo Bibi alipotutolea sheria.

"Ngozi haiwi ngumu kwa sababu ni ngozi," alisema. "Ni ngumu kwa sababu bado inajua ni kondoo. Kazi yetu ni kuisahaulisha. Kila unyayo unaoikanyaga, inasahau kidogo. Siku itakaposahau yote, hapo ndipo inaweza kumbeba mtu."

Kwa hiyo mbele ya ngozi ile ilikuwa marufuku kutaja kondoo. Tulisema "yule bwana". Marufuku kuleta majani karibu. Marufuku kuitandika ikitazama zizi. Na zaidi ya yote, marufuku mtu yeyote kulia kama yule bwana. "Ikisikia sauti yake kabla haijasahau," Bibi alisema, "itaikumbuka. Na sauti ikishakumbukwa inatafuta mdomo wa kutokea. Mdomo ulio karibu ni wa nani?" Akaelekeza kidole kwenye tumbo la mama mdogo Skola.

Sasa mniambie. Umemweleza mtoto kama mimi kwamba duniani kuna sauti moja tu asiyopaswa kuitoa. Ulitegemea nini?

Nilivumilia siku mbili na nusu, na naomba hilo liandikwe upande wangu. Siku ya tatu mchana tulikuwa wanne juu ya ngozi: Mama, mimi, Bibi mwenyewe, na jirani yetu Mama Butoyi, ambaye ukoo wake ulikuja ukikimbia kutoka Burundi zamani, na sasa alikuwa wa Titye kama mawe ya Titye. Mama mdogo Skola alikaa mkekani amelitanguliza tumbo, anatutazama. Ngozi ilikuwa imeanza kukubali. Ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea. Lakini watu walikuwa wamechoka, na watu wakichoka wananyamaza, na mimi ukimya unaniwasha mwilini kama upupu. Nikasafisha koo.

Ehhem. Ehhem.

Mama akanitazama kwa macho ya *usithubutu.*

*Meee-e-e-e-e.*

Nawaambieni, alitoka Hedimasta mwenyewe. Pua, mafua, kila kitu. Mama Butoyi alianguka chali katikati ya ngozi, analia machozi na kupigapiga ardhi. Mama mdogo Skola alishika tumbo kwa mikono miwili asije akajifungua pale pale. Hata Mama alijifunika uso kwa upande wa kitenge. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kwamba mtu mdogo anaweza kuwaangusha watu wakubwa bila kuwagusa, na utamu wa jambo hilo haujanitoka mpaka leo.

Bibi peke yake hakucheka.

"Umefanya nini?"

"Nimekohoa tu, Bibi."

"Ego, sawa. Na baada ya kukohoa?"

Nikatazama nyayo zangu. Bibi akainama, akainua pindo la ngozi, akaliweka sikioni kama mtu anayesikiliza nyuki kwenye mzinga. Alisikiliza muda mrefu.

"Imesikia," akasema.

"Yoo, Mama," Mama Butoyi alisema kutoka chini, akijifuta machozi. "Hata mimi nimesikia, sembuse ngozi!"

"Wewe cheka," Bibi akamwambia. Kisha akanigeukia. "Mtoto huyu akilia kama yule bwana, utamlea wewe. Utamkatia majani asubuhi na jioni. Na shule utampeleka umemfunga kamba."

Usiku ule sikucheza. Nililala nikipiga hesabu ya majani.

Siku ya pili yake asubuhi, mama mdogo Skola alijifungua. Mimi nilikuwa nimejibanza nje ya ukuta, sikio kwenye udongo. Kwanza nikasikia kikohozi. Kidogo, chembamba, mara mbili. Halafu: *nge-e-e-e-e-e!*

Ndani wakapiga vigelegele. Mimi nje nikaanza upya hesabu ya majani. Leo, baada ya kusikia watoto wachanga wengi, najua wote hulia hivyo. Hakuna mtoto mchanga anayelia kama ng'ombe. Lakini wakati ule nilikuwa nimesikia mtoto mchanga mmoja tu maishani mwangu, na alikuwa kondoo mwenye mafua.

Ilinibidi nifanye kitu. Nikafikiri hivi: sauti imeingia kwenye ngozi, kitu kikiingia uchafu kinafuliwa. Akili ya kawaida kabisa. Wakati wakubwa wanakimbizana na maji ya moto na uji wa mzazi, nikaichukua ngozi pale kwenye nguzo, nikashuka nayo mpaka kijito. Nikaisugua kwa mchanga. Nikaikamua. Nikaiomba msamaha, nikaiambia, "Sahau, tafadhali, sahau." Maji yakatoka na samli yote ya Bibi, yakaenda zake na ung'avu wake, na mimi nikafurahi nikidhani ile ndiyo sauti inaondoka. Kisha nikaitupia juu ya kichaka ikauke. Asubuhi yetu kule huwa na ukungu na baridi, lakini jua likishatoka linatoka kwa hasira.

Niliporudi mchana kuichukua, nilipiga kelele.

Ilikuwa imekauka kama bati. Pembe zake nne, zile zilizokuwa miguu, zilikuwa zimeninginia kichakani na kukakamaa zikielekea chini. Niliivuta, ikaanguka kwenye nyasi, na haki ya Mungu, ilisimama. Ilisimama kwa miguu minne, kwenye majani, ikitazama zizi.

Nilikimbia mpaka kwa Bibi bila kukumbuka kupumua. Nikasema yote kwa mkupuo: nimeifua, imekauka, imesimama, amerudi, Bibi, Hedimasta amerudi, na mtoto amekohoa, nimemsikia, nimemharibu mtoto wa mama mdogo aliyengojewa miaka yote hiyo. Nikaangua kilio.

Bibi akafuatana nami mpaka kwenye kichaka. Akaizunguka ile ngozi iliyosimama, mikono nyuma, kama mkaguzi. Nilitegemea fimbo. Badala yake akachuchumaa mbele yake.

"Mwakeye, bwana," akaisalimia. "Umerudi mapema."

Kisha akaniambia tatizo letu lilivyo. Mtoto hutolewa nje siku ya nane. Siku hiyo lazima abebwe, na Skola ameshaambiwa atabebwa kwenye nini, na Kitahana nzima ya ukweni itakuja kuona. Kabla ya siku hiyo ngozi lazima isahau upya kutoka mwanzo. Ubongo umekwenda na maji. Samli imebaki kidogo. Na wanawake wako kwenye maharage, wanavuna. Nani atakuja kukanyaga ngozi moja mara mbili?

"Mimi nitakanyaga peke yangu," nikasema.

Akatazama miguu yangu, miguu ya kuku wa miezi miwili. "Wewe hata panya hawezi kusahau kwa miguu hiyo." Akafikiri. "Lakini ni wewe uliyewachekesha mpaka ikakumbuka. Basi utawachekesha mpaka isahau. Mnyama yeyote unayemtaka, mtu yeyote unayemtaka. Isipokuwa yule bwana."

Ndivyo nilivyopata kazi.

Tukailowesha ngozi taratibu kwa maji vuguvugu, Bibi akatwanga mbegu za mbarika, akachanganya mafuta yake na ile samli iliyobaki, akapaka. Jioni wanawake walipopita kutoka shambani, mimi nilikuwa juu ya ngozi nikimwigiza katekista anayesoma matangazo huku amesahau miwani. Wa kwanza akasimama. Wa pili akatua kikapu. Mama Butoyi alikuja akidai anaazima moto, na jiko lake tuliliona pale ng'ambo likifuka moshi tele. "Huyo katekista," alisema, "ngoja nimsogelee nimsikie vizuri." Akavua ndala, akapanda.

Kesho yake walikuja watano. Nikamwigiza mume wa Mama Butoyi akipandisha baiskeli mlimani na mkungu wa ndizi, anabishana na baiskeli. Nikamwigiza kuku anayekanyaga majivu ya moto. Nikamwigiza mganga wa zahanati anayeogopa sindano. Bibi alikaa kwenye kigoda na bakuli la mafuta, na kazi yake ilikuwa kusema jambo moja tu: "Cheka, lakini miguu isisimame!"

Hapo ndipo nilipojifunza yale ambayo baadaye walimu wa maigizo walinifundisha kwa maneno marefu. Utani ukiwa mbaya, watu wanabeba vikapu vyao wanakwenda nyumbani. Utani ukiwa mtamu kupita kiasi, wanaanguka chini, na mtu aliyeanguka hakanyagi. Unatakiwa utani wa saizi ya kati, unaomshika mtu kiunoni na kumwacha na miguu yake. Mpaka leo nikiwa jukwaani huwa natazama miguu ya watu kwanza, nyuso baadaye.

Siku ya sita niliishiwa. Kijiji kizima kilikuwa kimeshapita mwilini mwangu. Ngozi ilikuwa imelegea katikati, lakini pindo bado lilikuwa linabisha, na wanawake walianza kutazamana. Nikabaki na mtu mmoja tu ambaye sikuwa nimemgusa. Nikainama taratibu, mkono mmoja kiunoni, nikainua pindo la ngozi, nikaliweka sikioni. Nikafumba jicho moja. "Imesikia," nikasema kwa sauti ya Bibi.

Mama akashika mdomo. Mama Butoyi akatazama mbinguni kama anayeniombea.

Bibi akaweka bakuli chini.

"Mgongo umekosea," akasema. "Mimi siinami hivyo. Mimi naanza na goti." Akasimama, akaonyesha. "Hivi. Rudia."

Nikarudia, nikaanza na goti. Na Bibi akacheka, akacheka mpaka ushungi ukamdondoka, akapanda kwenye ngozi akicheka na kukanyaga, naye alikuwa na miguu mizito, miguu ya mtu aliyelima milima maisha yake yote. Pindo likakubali mchana ule ule.

Siku ya saba akachimba kishimo, akawasha kuni zilizooza na kinyesi cha ng'ombe kikavu, vitu vya kufuka bila kuwaka, akaitandaza ngozi juu ya moshi. "Moshi ndio unaofunga mlango," alisema. "Sasa hata ikinyeshewa hatarudi."

Siku ya nane watu wa Kitahana wakaja. Uwanja ukajaa. Mama mdogo Skola akatoka, Bibi akamweka mtoto, Yeremia, mgongoni kwa mama yake, akamfunga na ile ingobyi ambayo ilijikunja kumzunguka bila kubishana, kama kiganja. Watu wakasogea kumwangalia. Mtoto akafungua mdomo.

Ehhem, akafanya. Ehhem.

Mama Butoyi alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Mama alifumba macho. Mimi nilikuwa tayari namwona Yeremia darasa la kwanza, kamba shingoni.

Kisha mtoto akajamba.

Alijamba kwa nguvu ambazo mwili ule mdogo ulizipata wapi sijui. Ngozi nzima ilitikisika. Bibi akanyoosha mkono juu, akatangaza kwa wakwe na majirani:

"Huyo ni mtu!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo, mimi na ukubwa wangu wote huu sijawahi kupigiwa. Mama mdogo Skola alicheka huku machozi yanamtiririka, miaka saba ya machozi aliyokuwa ameyaweka. Nilijua nimeachiwa huru.

Ila jioni, tukiwa tunaosha vyombo wawili tu, Bibi alisema bila kunitazama, "Alikohoa. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi tunyamaze wawili."

Tukanyamaza. Yeremia akakua, akaongea kama watu, akarudi kwao Kitahana, akaoa, akawa mkulima mzuri na mwimbaji wa kwaya. Na hapo ndipo penye shida. Anaimba sauti ya tatu. Kabla ya kuimba hukohoa mara mbili. Kisha akiishika noti ndefu, inaanza kutetemeka, inatetemeka kutoka puani, watu wanafumba macho wakisema jamani, huyu ana mawimbi kooni, hii ni karama. Mara ya kwanza nilipokwenda kumsikia nilikaa na Bibi, kazeeka, haoni vizuri. Yeremia akakohoa. Bibi akanifinya paja. Yeremia akaishika noti. Ilibidi nitoke nje ya kanisa, na waumini walidhani nimeguswa.

Miaka mingi baadaye mtengenezaji mmoja wa viatu alinieleza kwamba ngozi iliyolainishwa kwa ubongo na samli, kama haijapigwa moshi, ukiilowesha ikakauka hurudia ugumu wake. Nyuzi zake hushikana upya. Nilimshukuru. Bibi alisema imekumbuka. Nimeyatazama maelezo yote mawili na sioni kama yanabishana, ila ya Bibi yanachekesha zaidi, na yalinifanya nikanyage.

Nimeigiza kila kiumbe jukwaani: wachungaji, vyura, wenyeviti wa vijiji. Watu wa nyumbani wanaojua kisa hiki hunipigia kelele kutoka nyuma, "Mtoe Hedimasta!" Sijamtoa. Ndiyo sauti ninayoimudu kuliko zote, na nimewahi kuitoa mara moja tu.

Mwaka jana Yeremia alinipigia simu. "Dada, binti yangu amejifungua. Nimeitoa ile ngozi ya mama sandukuni, imekuwa kavu. Wewe si unajua mambo yake?" Bibi hayupo tena, Mama Butoyi hayupo. Mama mdogo Skola yupo, ila miguu yake sasa ni ya kukaa. Kwa hiyo nikapanda basi kwenda Kitahana, mimi niliyeiharibu, nikiwa sasa ndiye fundi.

Tukaipaka mafuta, tukaitandaza uwanjani. Binti za Yeremia wakavua viatu, simu mikononi, mmoja akauliza, "Shangazi, kwa nini tusinunue tu ile ya begi yenye mikanda?" Nikawapa sheria zote: yule bwana, majani, zizi, sauti. Wakacheka, wakakanyaga. Mimi nikawaigizia baba yao akipanga mahari. Miguu haikusimama. Skola kwenye kiti chake alikuwa anacheka kimya, mkono tumboni, mahali pale pale.

Kisha Yeremia mwenyewe akavua viatu, akapanda kwenye ngozi kati ya binti zake, akiwa na furaha ya babu mpya isiyotosha mwilini. Nilimwona anajiweka sawa koo. Nikajua.

Ehhem. Ehhem.

Akaanza wimbo wa kwaya, akafika kwenye noti ndefu, akaishika. Ikatetemeka. Ikatoka puani, mafua na kila kitu, ikatanda juu ya ngozi ile. Wasichana wakanigeukia wote, macho yamewatoka. Mimi ndiye niliyekuwa hakimu sasa. Ilikuwa zamu yangu kumnyamazisha.

Nikaanza na goti. Nikainama, mkono kiunoni, nikainua pindo, nikaliweka sikioni. Lilikuwa na vuguvugu la nyayo, na lilinukia moshi bado, moshi wa kishimo cha Bibi, miaka yote ile.

"Imesikia nini, Shangazi?"

"Imemsikia babu wa mtoto," nikasema. "Kanyageni."